Miiba ya Chuma Ndani ya Buti

Haya wajukuu, sogeeni mnitegulie hiki: mgonjwa gani hasemi anaumwa wapi, na daktari wake hushiba zaidi akimuua kuliko akimponya? Mmeshindwa? Nipeni mji basi. Ni mti, na daktari wake ni yule anayeukwea na msumeno kiunoni.

Larissa, binti wa mtaa wa Saint-Josse huko ughaibuni, ambaye wazazi wake ni watu wa Lubumbashi, alimpenda daktari wa namna hiyo. Naye Larissa alikuwa mtu wa kushuku. Hata yai alilitikisa kabla ya kulinunua.

Walikutana sokoni Flagey, asubuhi, watu wamebanana mbele ya muuza kahawa.

"Papa, unga wa mbao yako unaanguka ndani ya kahawa yangu."

Kijana akageuka. Mrefu, suruali ya kazi ya rangi ya machungwa, vumbi la miti mpaka kwenye nyusi. Akatazama kilemba cha njano cha Larissa, akasahau kujipangusa.

"Pardon, maman. Nilizani sukari haitoshi."

"Mi si maman yako."

"Alors, nikuite nani?"

Akamwita Larissa, halafu chérie, na kabla majani hayajapukutika alishamwita roho yangu. Huyo ndiye Élisée wa Bukavu.

Larissa alikuwa akimtunza Maman Cécile, mzee wa mtaa wa Forest mwenye mti mkubwa uani, ule wanaouita hêtre. Élisée akapewa kazi ya kupunguza matawi yake makavu. Siku ya kwanza alimwonyesha Larissa kamba zake.

"Muti muzima, unaupanda na kamba tu. Kuko miiba ya chuma ya kufunga kwa viatu, lakini inatoboa ngozi ya muti, magonjwa inaingia. Ile mi navaa kama muti unakufa na naenda kuuangusha. Basi."

Maneno hayo yalimwingia Larissa kuliko maua yote aliyowahi kuletewa.

Sasa kulikuwa na jirani, Papa Constant wa Kolwezi, mzee aliyefiwa na mkewe. Kila akikutana na Maman Cécile alilalamika kwamba hêtre inamfichia jua. Alhamisi moja Larissa akachungulia dirishani kwa Maman Cécile, akamwona Élisée ananong'ona na Constant penye ukuta. Constant akamshika bega. Larissa akashuka polepole mpaka barabarani. Buti ya gari la Élisée ilikuwa wazi, na ndani yake miiba ya chuma, imenolewa inametameta.

Jioni akapiga simu.

"Chéri, mulisema nini na Constant?"

"Mambo ya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kwake. Mambo ya client sisemi kwa muntu mwingine, hata kwako."

"Na ile miiba? Muti gani unakufa pale, kama si wa maman?"

"Larissa, mi nilitaka kukuuliza kitu ingine. Dimanche nikuje kwenu kuona papa yako, ao niache?"

Larissa akakata simu bila kumjibu habari ya Jumapili. Muntu mwenye kuuza muti wa mzee kwa siri, aliwaza, ndani ya ndoa atauza nini?

Jumamosi msumeno ukanguruma. Larissa akatoka mbio mpaka uani kwa Maman Cécile na kandambili. Hêtre ilikuwa imesimama palepale. Ng'ambo ya ukuta, Élisée, miiba miguuni, alikuwa anaangusha mcheri wa Constant kipande kwa kipande. Constant alisimama chini, kofia mkononi.

"Muke wangu aliupanda," mzee alisema bila kugeuka. "Umeoza ndani. Nilimuomba kijana asiseme kwa muntu. Nilitaka kuuaga mi mwenyewe. Bon, nilimuomba tena akate na ule wa Cécile. Akakataa. Eti iko muzima."

Élisée alishuka, akafungua miiba, akaja ukutani. Jasho, na vipande vya mbao ndevuni.

"Ungeniambia," Larissa alisema.

"Haikuwa yangu ya kusema."

"Na kesho, siri ya muntu mwingine, utaninyamazia tena?"

"Ndiyo."

Larissa alimkazia macho. Mwongo angesema hapana. Akakaza kilemba chake.

"Dimanche kuja," alisema, "nyuma ya misa. Vaa shati ya kupiga pasi, na usicheke sana. Papa yangu anashuku watu kunishinda."