Ng'ombe Ishirini na Nane

Duka la dawa za mifugo lilifurika asubuhi ile, watu wakipigana vikumbo mbele ya kaunta, na boksi la glovu ndefu, zile za kufika begani, lilibaki moja tu. Mikono miwili ililishika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo, binti mrefu mwenye ovaroli ya kijani na kilemba cha njano. Mwingine ulikuwa wa msimamizi mpya wa zizi la chuo, kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Dada, hizo si za kuoshea vyombo," alisema kijana.

"Na wewe kaka, kwa shati hilo unakwenda zizini au harusini?"

Waligawana boksi nusu kwa nusu, wakapeana namba za simu, eti kwa ajili ya glovu. Mwezi haukuisha kabla kijana hajaanza kumwita binti Daktari Wangu, naye mwenyewe akaitwa Pasi, na mazungumzo yao ya simu yalikatizwa na chaji tu.

Sasa nifike kwenye kinachonichefua. Mwanafunzi hahitimu mpaka apime mimba ng'ombe arobaini kwa kuingiza mkono wake mwenyewe kwa nyuma mpaka begani, na msimamizi wa zizi atie saini kwa kila mmoja. Lakini mhadhiri wao, bwana mmoja mfupi mwenye maringo, aliwapa wavulana ng'ombe, wasichana akawaambia washike mikia na kuandika majibu. "Mikono yenu haifiki," alisema, na binti huyu alimpita kimo kwa kichwa kizima. Alitaka kuwa daktari wa ng'ombe wa maziwa, si wa kuchanja paka. Miezi sita ilipita akiwa amepima kumi na wawili tu, wale walioachwa na wavulana.

Siku chache kabla ya kukusanya madaftari ya mazoezi, Pasi alimrudishia lake huku akitabasamu. Binti alilifungua chumbani kwake. Saini arobaini. Akapiga simu palepale.

"Hawa ishirini na nane ni wa nani?"

"Wako, mpenzi. Niliona unavyoonewa, roho ikaniuma. Nimekusaidia."

"Mfugaji akiniita, ng'ombe wake hashiki mimba, nitamwonyesha saini yako?"

"Mimi najua unaweza."

"Kama unajua, mbona hukusema? Ulikuwa zizini kila siku unatutazama tumeshika mikia. Yeye kaninyima ng'ombe, wewe ukaficha kwamba nimenyimwa. Tofauti yenu ni ipi?"

Hakungoja jibu. Siku nne simu iliita na hakupokea. Alilia, ndiyo, maana alimpenda, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Siku ya tano alichukua kalamu nyekundu, akafuta saini zote za uongo, akaenda kwa mkuu wa idara.

Alimkuta Pasi ameshakaa kwenye kiti, shati limekunjamana.

"Mama, nilisaini uongo," alikuwa akisema. "Na nilinyamaza wasichana waliponyimwa ng'ombe. Nimeandika yote, tarehe kwa tarehe."

Mkuu wa idara aliwasikiliza wote wawili. Mhadhiri aliondolewa zizini. Pasi alipewa barua ya onyo kali. Na binti, ambaye hakukosa lolote, akaambiwa atahitimu miezi mitatu nyuma ya wavulana, akamalize ng'ombe wake. Hiyo ndiyo haki yetu, mwenye kuonewa ndiye anayecheleweshwa.

Pasi alimfuata kwenye ngazi.

"Bado nina hasira na wewe," binti alisema bila kugeuka.

"Najua. Huenda nakosea tena, lakini siwezi kungoja. Nataka tuoane."

Binti alisimama, akageuka.

"Nitakujibu nikimaliza ng'ombe wangu," alisema. "Na jibu lenyewe, Pasi, usije ukaniandikia."