Koti Juu ya Waya wa Winchi

Rafiki yangu ni fundi wa malori, na si mtu wa kutishika ovyo. Huyu hulala usingizi chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Shemeji yake alinunua lori kuukuu la jeshi, akataka winchi, mashine ya kuvuta kwa waya, ya kujinasulia matopeni. Mpya zote zilikuwa dhaifu kwa uzito ule, kwa hiyo wakachagua moja nzito kwenye vyuma chakavu, wakaifunga mbele ya lori kwa bolti.

Alasiri waliyotaka kuijaribu, mvua ilishuka, gereji ikawa giza. Fundi aliukokota waya hadi kwenye kisiki kule uani, akaunasa kwa ndoano yake, kisha akautupia koti lake katikati, kama mafundi wafanyavyo, ili ukikatika usimchape mtu. Akarudi kuunganisha betri.

Kabla hajaigusa, winchi ikaanza kukwaruza. Waya ulikuwa unatoka, unaelekea mvuani pamoja na koti, kana kwamba kisiki kinaondoka.

"Shemeji, zima!" mwenye lori akapiga kelele.

"Nizime nini? Betri sijaunganisha!" fundi akajibu.

Waliing'ang'ania breki ya winchi wote wawili. Wapi! Waya ulitoka mpaka koti likapotea machoni. Halafu winchi ikaanza kuurudisha, taratibu.

Ndoano ilirudi haijashika kitu. Koti lilikuwa limeuzunguka waya, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Nje lilikuwa limelowa chapachapa. Ndani, ananiapia mpaka leo, lilikuwa na joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi.