Dada Yangu na Unga Wangu wa Maganda

Dada yangu alikuwa amevaa aproni nyeupe... na mkononi ameshika kopo langu.

Langu mimi. Unga uliokuwa ndani nimeukausha, nimeutwanga na kuuchekecha kwa mikono hii.

Nilisimama kwenye mlango wa nyuma wa kiwanda cha biskuti. Mwokaji mwenye kiwanda alichota unga kwa ncha ya kidole, akaunusa.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeanzisha hii kitu?"

"Mimi mwenyewe, bosi."

Dada yangu wa tumbo moja, jamani.

Halafu akaniona. Wala hakushtuka.

"Huyu mdogo wangu," akamwambia. "Huwa ananisaidia kumenya."

Ndugu zangu mnaosoma, ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni mmenya machungwa kwenye duka la juisi. Wateja wanakaa mbele kwenye feni. Mimi niko nyuma, na ndoo, visu na nzi. Shule niliishia ya msingi. Wenzangu wananiita Kimya, maana naangalia kuliko ninavyosema. Maji ya machungwa yamenila vidole mpaka vimechanika. Nikishika chumvi, natoa machozi.

Na maganda? Pipa linajaa, linamwagwa jalalani, linajaa tena.

Siku moja mteja mmoja, mama anayefanya kazi maabara, alikuja nyuma kunawa mikono. Akalitazama lile pipa.

"Mnauza maji, mnatupa dawa."

"Haya maganda, mama? Hata mbuzi wanayakataa."

"Mbuzi hana mafuta ya kutunza," akacheka.

Akanieleza taratibu. Kwenye ganda la chungwa kuna vitu vinaitwa antioksidanti, vingi kuliko hata kwenye juisi. Mafuta yakikaa yanapigwa na hewa, yanaharibika, yananuka. Vile vitu vinayachelewesha yasiharibike.

"Ila usianike juani," akaniambia. "Jua kali linavimaliza. Weka kivulini, penye upepo."

Nikalishika hilo neno.

Kwetu ni chumba kimoja: mimi, mama, dada na wanawe. Nikafunga wavu nyuma ya pazia, karibu na dirisha. Maganda yakakauka polepole mpaka unataka kuyatukana. Nikatwanga. Nikachukua bakuli mbili za mafuta ya kupikia, moja nikatia unga, nyingine nikaiacha hivyo hivyo.

Ile isiyo na unga ikaanza kunuka. Yenye unga, wapi, imetulia tu.

Mama alinusa zote mbili. Akarudia kuinusa ile yenye unga.

Sasa, mwokaji alikuwa mteja wetu wa juisi, na kila akija analalamika kwamba biskuti zake zinanuka mafuta kabla hazijaisha dukani. Nikamwambia mama, yeye peke yake:

"Jumatatu nikitoka kazini nampelekea unga wangu. Akinikubali, naenda kusimamia ukaushaji pale. Vidole vyangu vitapona, mama."

"Mungu akufungulie," akasema.

Jumatatu ndiyo hiyo niliyomkuta dada na aproni.

Nilijikaza. "Bosi, huo unga ni wangu."

Mwokaji akacheka mpaka akashika kiuno. "Yaani mnagombania maganda? Binti, nenda nyumbani."

Nikaenda.

Unga wangu ukaingia kwenye biskuti, na biskuti zikakaa vizuri. Dada akaajiriwa. Maganda ya duka letu yote yakawa yanapelekwa kwake. Mimi namenya, yeye anapokea. Ningesema nini? Ana watoto, nikajiambia, na watoto wale nawapenda.

Halafu kopo langu likaisha, akaanza kutengeneza wake.

Nikapita pale kiwandani asubuhi moja, nikaona paa la bati limejaa maganda, yametandazwa kwenye jua la kukaanga mayai.



Nikamwita dada pembeni, kando ya ukuta. "Dada, yashushe. Jua linaua kile kitu chenyewe. Yaweke kivulini."

"Yanachelewa huko."

"Ndivyo yanavyotakiwa."

"Mdogo wangu," akasema kwa upole, na huo upole ndio uliniuma, "wivu utakuzeesha."

Mwokaji akachungulia. "Huyu tena? Ganda ni ganda, binti."

Wakaendelea.

Mnajua kilichofuata. Biskuti zilianza kunuka mafuta tena, zikarudishwa kwa makatoni. Maduka yaligoma kuchukua nyingine. Kazi ya kukausha maganda ikasimamishwa, dada akavuliwa aproni mbele ya wafanyakazi.

Mimi, kwa ujinga wa matumaini, nikatengeneza unga mwingine, wa kivulini, nikampelekea mwokaji.

"Nijaribu mimi, bosi. Ule wa kwanza ulikuwa hivi."

Hakulifungua hata kopo. "Sitaki kusikia neno ganda humu ndani. La kwako, la dada yako, la mtu yeyote."

Nilikuwa nimesema kweli tangu mwanzo. Haikunisaidia kitu.

Jioni ile nikamgeukia dada, mama akiwepo.

"Kopo langu uliliiba. Walau ungeniuliza namna ya kukausha."

Dada akainamisha kichwa. Mama ndiye aliyejibu.

"Hakuiba. Mimi ndiye niliyempa."

Nikakaa sakafuni.

"Wewe huna mtoto, kitindamimba wangu. Mwenzako anao. Nikaona wewe ni mvumilivu, utapata kingine."

"Na kuanika juani?"

"Mimi pia. Nilikuona unayaweka nyuma ya pazia, nikajua unawaficha majirani wasikuige. Nikamwambia mwenzako, 'Wewe una kazi tayari, humfichi mtu, yaanike juani yakauke upesi.'"

Nikamtazama dada. "Na nilipokwambia?"

"Nilijua unga ni wako," akasema. "Nikadhani unataka niharibikiwe."

Basi. Hakukuwa na adui wa kumchukia. Walikuwa mama, dada, na mimi na ukimya wangu.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi nimeona mvumilivu akinyang'anywa, kwa sababu watu wamezoea kwamba hatasema.

Kama una kitu chako, waeleze wa nyumbani kwako na sababu yake. Anayekuchungulia anaona mkono wako tu. Akikuibia, ataiba kazi, sababu ataiacha, na mtalala njaa wote.

Leo dada yuko kando yangu hapa nyuma ya duka, amepata kisu chake. Vidole vyake vimeanza kuchanika. Nilimwonyesha namna ya kushika chungwa ili asiumie sana, akasema ahsante.

Pipa likijaa, tunashika huku na huku, tunalibeba pamoja hadi jalalani.