Babu Anaona Vibaya

Asubuhi nyumbani kwao ilianza kwa mlio wa cherehani. Mama alikuwa fundi wa nguo, na alipenda kumaliza mshono mmoja kabla ya kuinjika chai. Baba alikuwa akitafuta soksi. Binti yao, mwanafunzi wa darasa la sita, alipiga pasi sare mbili, yake na ya mdogo wake, huku akiwachunguza wote kwa jicho la kitaalamu.

Binti huyo aliitwa Dokta. Baba yake alimpa jina hilo kwa utani, nalo likamganda. Shangazi yake alikuwa mwanasaikolojia katika hospitali kubwa ya mji, mtu wa kuwasaidia wagonjwa waliozidiwa na hofu, huzuni au mawazo. Tangu Dokta aanze kumtembelea kazini wakati wa likizo, hakuna aliyesalimika. Mama akinyamaza, Dokta alisema ana msongo wa mawazo. Baba akicheka peke yake, eti anaficha huzuni. Hata paka alipokataa maziwa aliambiwa ana hofu ya bakuli, kumbe maziwa yalikuwa yamechacha.

"Mtu anayepoteza soksi kila siku ana jambo moyoni," Dokta alimwambia baba yake asubuhi hiyo.

"Nina jambo mguuni," baba akajibu, akiinama tena chini ya kiti.

Mdogo wake Dokta alikuwa darasa la tatu. Alirithi jina la babu yao mzaa baba, kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Babu, na mama akiwa na furaha alimwita "baba mkwe". Nyumbani Babu alikuwa mcheshi, domo halifungi. Shuleni mambo yalikuwa mengine. Kila aliposimamishwa asome sentensi iliyoandikwa ubaoni, alifinya macho kama anayetaka kulia, akagugumia neno moja au mawili, akakwama. Siku moja mwalimu wa darasa alimuuliza kwa upole ana tatizo gani.

"Mwalimu, naona vibaya," Babu alijibu kwa sauti ndogo.

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu alidhani mtoto anaona aibu mbele ya wenzake, akamwita Dokta ili kupata habari za nyumbani. Dokta alifurahi kuulizwa. Alisimama wima akatoa maelezo.

"Huyu ana hofu ya watu, mwalimu. Hata njiani anawapita majirani bila salamu, kama hawaoni vile."

"Sasa tumsaidieje?"

"Akae nyuma kabisa, ambako hakuna wa kumtazama. Shangazi yangu husema mwenye hofu hasukumwi."

Mwalimu alimfahamu shangazi huyo kwa sifa, tena alikuwa na watoto wengi wa kuwaangalia. Babu akahamishiwa dawati la mwisho.

Hali ikawa mbaya zaidi. Sasa Babu hakusoma hata neno moja, na kazi alizonakili kutoka ubaoni zilijaa makosa. Dokta hakushtuka. "Si niliwaambia? Hofu imezidi," alisema. Siku moja walipita kwenye duka la nguo, na Babu akaiamkia sanamu iliyovalishwa gauni mlangoni, "Shikamoo, mama!" Dokta alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi alieleza kwamba hofu imemvuruga mdogo wake kiasi kwamba anasalimia ovyo.

Kisha mwalimu mkuu akawaita wazazi. Aliwaambia waziwazi kwamba muhula ukiisha bila mabadiliko, Babu atarudia darasa la tatu. Jioni hiyo mtoto alikataa hata kucheza. Alijikunyata pembeni ya cherehani akilia kwamba rafiki zake wote watapanda darasa na yeye ataachwa na watoto wadogo. Dokta aliumia sana kumwona hivyo, kwa maana alimpenda. Mama akachukua simu.

"Wifi," alimwambia shangazi, "nakuletea baba yako. Naona maji yamenifika shingoni."

Chumba cha shangazi kilikuwa na viti vya kutosha, kikapu cha vitabu vya hadithi na bango kubwa la usafi kwenye ukuta wa mbali. Mama aliketi na Babu. Dokta hakungoja kuulizwa. Alisimulia yote, kuanzia ubaoni hadi kwenye sanamu. Shangazi alisikiliza bila kumkatiza, kisha akakuna kidevu.

"Umenishawishi," alisema. "Kila ulichosema kinaingia mahali pake. Ndiyo maana nina wasiwasi."

"Wasiwasi wa nini, shangazi?"

"Asiposoma, ni hofu. Akisalimia sanamu, ni hofu. Umemhamisha nyuma, akazidi kuharibikiwa, bado ni hofu. Hebu niambie, Babu afanye nini ndipo ukubali kwamba umekosea?"

Dokta hakuwahi kujiuliza swali hilo.

"Lakini shangazi, dalili ya mvua ni mawingu," alijitetea.

"Ni kweli. Ila mawingu mengine hupita tu, na wewe umeshaanua nguo zikiwa mbichi." Mama alicheka. Shangazi akaendelea, "Hapa kazini tuna sharti letu. Jibu la kwanza halipokewi mpaka tulitafutie wapinzani. Nipe sababu nyingine zinazoweza kumfanya mtoto ashindwe kusoma ubaoni."

Dokta alifikiri. "Labda hajui kusoma."

"Vizuri. Nyingine?"

"Labda hampendi mwalimu." Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa akipekua kitabu cha hadithi, pua ikikaribia kugusa karatasi. Dokta alisita. "Au labda... macho?"

"Sasa tuzipime," shangazi alisema.

Aliwaita wauguzi wawili na watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi la nje, wakajaa chumbani. Akamwomba Babu awasomee hadithi. Babu alisoma bila kukwama, tena akamwigiza fisi kwa sauti nzito na sungura kwa sauti nyembamba. Watu walipiga makofi, na bibi mmoja akadai ukurasa mwingine. Mtoto anayeogopa watu, au asiyejua kusoma, asingeweza hayo.

Kisha shangazi akawatoa wote nje. Alibaki yeye na Babu tu, na Dokta akachungulia mlangoni. "Haya baba, tuko wawili. Nisomee lile bango kule."

Babu alifinya macho. "Na... naweza... Nawa..." Akakwama.

"Sogea. Sogea tena."

Babu alisogea taratibu. Alipolikaribia bango, alilisoma lote kwa mkupuo: "Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula."

Uso wa Dokta uliwaka kwa aibu. Shangazi alimkalisha Babu karibu naye. "Ulipomwambia mwalimu unaona vibaya, ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha naona vibaya," Babu alijibu, akishangaa kuulizwa. "Herufi zina ukungu."

"Kwa nini hukueleza zaidi?"

"Walicheka. Halafu dada akasema ni hofu. Nikajua hofu ndiyo inaleta ukungu."

Maneno hayo yalimchoma Dokta kuliko kukemewa. Machozi yakamtoka, na mama akamshika bega. Lakini shangazi hakuwaacha washangilie wala walie. Alisema macho nayo bado ni dhana, na mwenye kuipima ni daktari wa macho. Aliwasindikiza mpaka upande wa pili wa hospitali.

Wakiwa kwenye foleni, Babu alimvuta Dokta mkono. "Dada, nasikia vibaya."

"Hayo ni mawa..." Dokta alianza, akajikata mwenyewe. "Unasikia vibaya vipi?"

"Nasikia njaa."

Mama alicheka mpaka watu wakageuka, akaenda kumnunulia mkate.

Daktari wa macho alimpima Babu kwa makini, akathibitisha kwamba vitu vya mbali havioni vizuri. Miwani ilipokuwa tayari, mama alimtazama akapiga makofi. "Baba mkwe, sasa umekuwa babu kweli!" Babu hakujali utani. Alikuwa akiyashangaa majani juu ya miti, moja moja. Kisha akamgeukia dada yake. "Kumbe una chunusi!" Njiani aliwaamkia majirani wa ng'ambo zote mbili za barabara mpaka koo likamkauka.

Kesho yake, Dokta alimfuata mwalimu wa darasa bila kutumwa. "Mimi ndiye niliyesema akae nyuma, mwalimu. Nilikosea, na nimemuumiza."

"Tulikosea pamoja," mwalimu alisema. "Mtoto alinijibu, nami sikumuuliza swali la pili." Babu akarudishwa mbele. Wiki chache baadaye mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kusikiliza. Babu alisoma ubao mzima, kwa sauti iliyofika mpaka darasa la jirani, na habari ya kurudia darasa ikaishia hapo.

Siku ya kufunga shule shangazi alikuja kuwapongeza. Dokta alimwambia ameacha udaktari. Hatakisia tena mambo ya watu.

"Usiache," shangazi alisema. "Kukisia si kosa. Mimi hukisia kila siku, na mara nyingi hukosea. Kosa ni kulipenda jibu lako mpaka ukaacha kumsikiliza mtu aliye mbele yako. Ukidhani umejua, ndipo uulize zaidi, na utafute kwanza mahali ambapo huenda umekosea. Mtu hapungukiwi kwa kubadili mawazo, mwanangu. Anayepungukiwa ni yule anayeponzwa na jibu letu tulilokataa kulibadili."

Dokta alimtazama mdogo wake, akamwomba radhi mbele ya wote. Babu alisema alishamsamehe zamani, ila hakuna aliyemuuliza.