Ping ya Jumapili Asubuhi

Gaston, mwenye duka la intaneti, alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya kompyuta, waya wa mtandao bado mkononi, kisogo kimepasuka. Pembeni yake kasha la chuma la kompyuta, lenye damu. Saa tano asubuhi, Jumapili, mtaa wa Hillbrow, Johannesburg, wote uko kanisani!

"Nani kamkuta?" aliuliza Inspekta Brightness Mahlangu. Huyu alizaliwa Morogoro, mama Mtanzania, baba wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, basi kesi za Waswahili wote wanamtupia yeye.

"Mlinzi, Ignace," konstebo alijibu. "Ufunguo wa geti anao yeye tu. Tumeshamtia pingu."

Ignace aliinua mikono yenye pingu.

"Mama Inspekta, sikumuua! Nilifungua geti saa tatu, saa nne nikaenda spaza, kiduka cha mtaani, kutafuta mkate. Mukinifunga, watanirudisha Kongo. Victorine na watoto watabaki na nani?"

"Geti uliliacha wazi?"

"Wazi, mama. Eish, hilo kosa ni langu."

"Gaston aligombana na nani?"

"Placide. Jana, mbele ya watu wote."

Placide ndiye bingwa wa michezo ya kompyuta pale dukani. Jumamosi alicheza fainali na kijana wa Durban kupitia intaneti. Katikati mchezo ukaanza kukwama: akifyatua risasi, adui kashapita zamani! Akashindwa, akamtukana Gaston, akatoka.

Walimtoa nyumbani kwake Yeoville. Alikuja dukani anatafuna bazoka.

"Leo saa nne ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nacheza. Waulizeni wenye mchezo kule Durban, jina langu liko kwenye rekodi yao."

"Nyumbani una mtandao gani?"

"Laini ya simu tu, yaya, dada yangu. Miye si tajiri wa Sandton."

Durban wakatuma rekodi kwa barua pepe. Kweli! Placide, saa nne na dakika tano mpaka saa nne na ishirini. Konstebo akainua mabega. Ignace akaanza kulia.

Brightness hakuridhika. Akamwita Murielle, fundi wa mtandao wa jengo.

"Hii thelathini na nane kwenye rekodi, kando ya jina la Placide, ni nini?"

"Ping, dada. Muda wa ishara kwenda Durban na kurudi, kwa elfu za sekunde. Ikipanda, mchezo unakwama."

"Kwa laini ya simu ya nyumbani?"

Murielle alicheka. "Mia mbili kwenda juu! Thelathini na nane hawezi kuipata hata afunge na kusali. Hiyo ni laini ya hapa dukani."

"Na jana ilikuwaje?"

Murielle akafungua kumbukumbu za jana. "Mia tisa! Saa kumi kamili, katikati ya fainali, kompyuta namba tisa iliwasha kamera, ikala laini yote."

"Nani alikaa namba tisa?"

"Mimi," alisema mwanamke mlangoni, mtoto mgongoni. Ni Victorine, mke wa Ignace. "Mama yangu yuko hospitali Lubumbashi. Papa Gaston alinipa dakika kumi bure nimuone uso. Hakujua itaharibu mchezo. Hata mimi sikujua."

Placide aliacha kutafuna.

"Rekodi inasema saa nne ulikuwa humu ndani," Brightness alimwambia. "Ulifuata nini?"

"Kupima laini."

"Ukakuta nini?"

"Safi kabisa! Kompyuta ileile, kiti kilekile, thelathini na nane." "Nikasema kumbe si mtandao, ni mtu. Gaston kaniuza kwa yule kijana wa Durban. Miezi minane najifua kwa mechi moja, yaya! Yeye kainama anachomeka waya, anapiga mluzi. Nikachukua lile kasha."

Konstebo alizifungua pingu za Ignace. Ignace akamshika mkewe mkono.

"Angeniambia tu ni simu ya mgonjwa," Placide alinong'ona. "Ningeelewa."

"Ulimuuliza?" Victorine alisema.

Placide alitema bazoka kiganjani.

"Si nakuuliza wewe! Kabla ya kumpiga, ulimuuliza?"

"Hapana," alisema, akanyoosha mikono afungwe.