Mstari wa Kumi na Saba

Ukumbi wa maonyesho jijini Melbourne ulifurika watu siku ile Tegan Pascoe aliposimama mbele ya mashine ya kukereza chuma, mikono ya ovaroli yake ya buluu imekunjwa, akijibu maswali kwenye skrini. Chuma gani? Unene gani? Urefu gani? Akishajibu, mashine inajipangia kazi yenyewe.

"Hiyo ni ya wasiojua kuandika," sauti ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, daftari kwapani. Zoran Ilievski, wa kiwanda kimoja cha Thomastown, aliandika misimbo: kila mwendo wa kisu, herufi na tarakimu, mstari kwa mstari.

"Wewe unayejua, shafti moja, mhimili wa pampu, unaiandika kwa muda gani?"

"Nusu saa."

"Mimi dakika nne. Zilizobaki nanywa kahawa."

"Na shafti mia mbili? Msimbo wangu unaokoa sekunde kwa kila moja."

Tegan akamtazama vizuri. "Haya, nionyeshe."

Kufikia majira ya baridi, Zoran alikuwa karakanani kwa Tegan, Dandenong, kila Jumamosi, na bureki, andazi la jibini la mama yake, ingali moto. Walibishana, wakacheka, wakabusiana mikono ikinuka oili.

Jumatatu moja Tegan alifunga mashineni shafti yenye bega nene, sehemu iliyotokeza kuliko nyingine. Kisu kikagonga bega, kikavunjika. Kipande kikampita shavuni. Akampigia Zoran simu.

"Umegusa mipangilio ya mashine yangu?"

"Nilirekebisha kidogo tu, mpenzi, ilikuwa inapoteza muda..."

"Bila kuniambia! Unaniona mjinga? Usije tena."

Wiki tatu zikapita. Hasira ilikuwepo, lakini udadisi ulimsumbua zaidi. Zoran alikuwa amesahau daftari lake mezani. Tegan akalifungua, akaanza kujifundisha, kidole chini ya kila mstari wa misimbo ambayo mashine ilijiandikia kwenye skrini. Alipojua kusoma, akampigia.

"Mstari wa kumi na saba. Kwa nini kisu kinarudi nyuma milimita mbili tu? Mashine iliweka kumi."

"Umeusoma mwenyewe?"

"Nijibu, Zoran."

"Ulilalamika kwamba shafti za pampu za wafugaji zitachelewa. Nikaokoa sekunde tisa kila shafti. Nilitaka umalize mapema, upumzike."

"Sekunde tisa zingenitoa jicho."

"Najua. Tangu siku ile silali vizuri. Nisamehe."

Tegan alifuta machozi kwa mkono wa ovaroli. "Njoo. Ukitaka kubadilisha kitu, tukibadilishe wote wawili."

Zoran alifika mchana huohuo, bila hata kuchana nywele. Mashine ilikuwa ikinguruma.

"Tegan, nataka tuoane."

"Unasemaje?"

"Tuoane!"

Tegan akaizima mashine. Karakana nzima ikatulia.

"Sema tena," alisema. "Polepole."

Zoran akasema. Tegan akamshika uso kwa mikono yake yenye oili, akamjibu sikioni: "Ndiyo."