Gari la Namba B

Kila asubuhi Jovina na rafiki yake Sekela walikwenda shule wakicheza mchezo wao wa namba. Walitembea kando ya barabara, pale Gongo la Mboto, macho yakiwa kwenye vibao vya magari yanayopita. Walichokitafuta ni ile herufi ya kwanza inayofuata tarakimu tatu. Kadiri herufi inavyosonga mbele, ndivyo gari linavyohesabiwa jipya. Ukimwahi mwenzako kuona namba E, pointi tatu ni zako. Namba D, mbili. Namba C, moja. Namba B haikuwa na pointi yoyote, na ikipita namba A, basi ni kucheka mpaka mtu ashike mbavu.

Wala usidhani hayo ni mambo ya watoto peke yao. Hata watu wazima wa Dar, ukiwaambia umepata gari, hawakuulizi kama linatembea. Watakuuliza, "Namba gani?" Utafikiri herufi ndiyo injini!

Jumatatu moja Sekela alikuwa anaongoza kwa pointi tisa, na majigambo hayakuwa na kipimo. Jovina akashindwa kuvumilia.

"Cheka tu," alisema. "Sie wenyewe tunanunua gari. Namba D."

Sekela akasimama palepale. "Wee! Mwongo!"

"Haki ya Mungu tena. Jeupe. Utaniona nimekaa mbele na baba."

Maneno hayo yalikuwa kweli nusu. Baba yake, Mzee Didas, alikuwa kweli anatafuta gari, na dalali mmoja alikuwa amempigia simu kumweleza juu ya gari dogo jeupe, namba D. Lakini hakuwa hata amekwenda kuliona, achilia mbali kulinunua. Nusu iliyobaki Jovina alijiongezea mwenyewe. Kufika mapumziko, darasa zima lilikuwa linajua.

Sababu ya kutafuta gari ilikuwa mdogo wake Jovina, Brightson, mwenye miaka saba. Brightson alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Siku nyingi alikuwa mzima, anacheza, anachokoza watu. Lakini maumivu yakimkamata miguuni au kifuani, ilibidi afikishwe hospitali upesi. Mara ngapi mama yao, Kokushubila, alimkimbiza kwa bodaboda huku mvua inawapiga! Mwishowe Baba akasema yatosha, akiba ya miaka sita itoke.

"Sitafuti gari la kutambia watu," alisema mezani. "Natafuta la kumfikisha mtoto."

Jumamosi Baba alimchukua Jovina wakaenda yadi ya magari. Dalali aliitwa Rogers, kijana wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa. Gari nalo lilikuwa linang'aa. Lilikuwa limeoshwa mpaka kwenye nati za matairi.

"Mzee wangu, gari hii ni mpya kabisa," Rogers alisema. "Namba D hiyo! Hapa ukitoka tu mtaani watakuamkia."

Baba alikuwa karani wa masjala. Maisha yake yote yalikuwa mafaili, kwa hiyo jambo la kwanza aliomba kadi ya gari. Alivaa miwani, akaisoma toka juu mpaka chini, kidole kikifuata kila mstari. Mahali fulani kidole kilisimama. Akakohoa kidogo, kisha akaendelea kusoma.

Jovina aliinama afunge kamba ya kiatu. Chini ya injini akaona kopo la rangi lililokatwa katikati. Tone jeusi likadondoka ndani yake. Baada ya muda mfupi likadondoka jingine. Kopo lilikuwa limejaa nusu. Kabla hajainuka, kiatu kinachong'aa kikaja kikalivuta lile kopo nyuma ya tairi, kisha kikasukuma mchanga kufunika madoa.

Jovina na Rogers wakatazamana. Rogers akatabasamu, akaenda kibandani, akarudi na soda baridi.

"Shika, mdogo wangu," alimnong'oneza. "Gari hata mpya zinavuja kidogo. Ukimwambia mzee utampa presha ya bure. Si unataka kukaa mbele?"

Jovina alimtazama baba yake, aliyekuwa bado ameinamia kadi. Akamkumbuka Sekela. Akalikumbuka darasa zima. Basi akanywa soda, akanyamaza.

"Nimelipenda," Baba alimwambia Rogers. "Jumamosi ijayo nakuja na malipo yote."

Jioni hiyo, walipokuwa wanakula, Mama alisema, "Baba Jovina, kabla hujalipa, kuna gari lingine tulione. Unamkumbuka Mama Nurbanu, yule ninayenunua vitambaa vya sare dukani kwake? Siku hizi macho hayamruhusu kuendesha. Anauza gari lake, liko nyumbani kwake Mikocheni."

"Namba gani?" Baba aliuliza.

"B."

Baba akacheka. Jovina akacheka zaidi ya Baba. Mama hakucheka. Aliendelea kumtolea Brightson miiba ya samaki.

Jumatano Jovina alirudi kutoka shule akamkuta Brightson amejikunja kwenye mkeka, ameuma pindo la kanga ya Mama. Maumivu ya miguu yalikuwa yamemkamata. Mvua ilikuwa inanyesha hasa. Jovina alikimbilia barabarani akapata bajaji, wakampakia mtoto katikati yao, safari ya hospitali ikaanza.

Hawakufika mbali. Penye dimbwi kubwa bajaji ikakohoa, ikazima. Dereva alishuka, maji yakamfika magotini, akajaribu kuiwasha. Haikuwaka. Akaisukuma, akajaribu tena. Brightson alikuwa analia kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto aliyezoea maumivu, na Mama alikuwa anamsugua miguu huku anaomba kimoyomoyo.

"Dada," Brightson alisema. "Gari letu likija, halitazima hivi njiani, eti?"

Jovina aliinama, akaanza kumsaidia Mama kumsugua miguu.

"Halitazima, mwanangu," Mama alijibu kwa niaba yake. "Baba kakuchagulia zuri."

Jovina aligeuza uso akatazama mvua. Alilia, na kwa kuwa wote walikuwa wamelowa, hakuna aliyemwona. Lile tone jeusi alikuwa analiona waziwazi, kana kwamba linadondoka hapohapo miguuni pake.

Mwishowe bajaji iliwaka, wakafika. Brightson alitundikiwa dripu, akapewa dawa, maumivu yakaanza kupungua. Baba alipofika kutoka kazini, Jovina hakumsubiri hata akunje mwavuli. Alimvuta hadi kwenye benchi la nje ya wodi.

"Baba, lile gari linavuja."

Alimwambia yote: kopo, mchanga, soda. Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Kwa nini hukuniambia palepale?"

"Nilishawaambia wenzangu shuleni kuwa tumenunua namba D."

Jovina alisubiri kufokewa. Baba aligeuka akatazama mlango wa wodi.

"Umechelewa kusema," alisema hatimaye, "ila hela bado ninayo mimi. Jumamosi tutakwenda na fundi."

Fundi mwenyewe alikuwa jirani yao, Khalfani, mtu mpole mwenye mikono isiyotakata hata siku ya Idi. Jumamosi alifika yadi na boksi kubwa la biskuti amelikunja kwapani. Rogers alipoliona lile boksi, tabasamu lake likapungua.

Khalfani alipiga magoti. Alilitandika boksi chini ya gari jeupe, akawasha injini, akaiacha ingurume.

"Fundi, hapa si gereji, bwana," Rogers alilalamika.

"Nusu saa tu, kaka. Hatuna haraka."

Nusu saa ilipopita, Khalfani alilivuta boksi. Katikati palikuwa na doa jeusi, pana kama chapati.

"Mipira inayozuia oili imekufa, tena si mmoja," alisema. "Hapo hata sijafungua kitu. Mzee Didas, gari hili litakulaza njiani."

"Lakini ni namba D!" Rogers alipaza sauti.

"Kaka, hiyo herufi inakwambia gari liliandikishwa lini hapa kwetu. Haikwambii lilitengenezwa lini. Hili limezurura kwenye nchi za watu miaka chungu nzima kabla halijapanda meli."

Baba aliinamisha kichwa. Rogers alianza kushusha bei, akashusha tena, lakini Baba alimpungia mkono wa kwaheri. Jovina alibaki nyuma kidogo. Alitoa mfukoni sarafu mbili za mia tano, akamwekea Rogers kiganjani.

"Za ile soda, anko."

Rogers alizitazama zile sarafu, akakosa la kusema. Kwa Rogers, hilo halikuwa jambo dogo.

Kutoka hapo walimpitia Mama, aliyemwacha Brightson kwa jirani baada ya kuruhusiwa hospitali, wakaenda Mikocheni. Mama Nurbanu alikuwa ameketi barazani, miwani yake minene imemkaa puani.

"Shikamoo, Mama," Baba na Mama walisema pamoja, na Jovina naye akaamkia.

"Marahaba, karibuni. Mama Jovina, umeniletea wageni!" Kisha akainua kidole. "Ila msiguse mlango kwanza. Nisikilizeni niwaambie ubaya wa gari langu. AC imekufa mwaka wa nne huu. Kioo cha nyuma kushoto hakishuki mpaka ukivute kwa mkono. Na pale ubavuni, mnaona palivyobonyea? Tuligombana mimi na geti langu. Geti likashinda."

Mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijivu, rangi imepauka juu ya paa. Khalfani aligeuza boksi lake upande safi, akalitandika chini, akawasha injini. Iliwaka kwa jaribio la kwanza. Wakakaa barazani wakanywa chai ya maziwa na visheti. Nusu saa ilipopita, fundi alilivuta boksi. Juu yake palikuwa na sisimizi wawili, basi. Hata hivyo alifungua boneti, akaingia uvunguni, akaliendesha mpaka barabara kuu na kurudi. Aliposhuka, alimtikisia Baba kichwa kumkubalia.

"Mama," Baba alimuuliza Mama Nurbanu, "kwa nini umetutajia mabaya yote? Ungenyamaza ungeuza ghali zaidi."

"Nimeuza vitambaa miaka arobaini," bibi alijibu. "Kitambaa kikiwa na tundu, mteja namwonyesha tundu kwanza. Ningelificha, angeliona akifika nyumbani, na mkeo hapa asingerudi dukani kwangu miaka yote hii. Tena nasikia mtampakia mtoto mgonjwa. Nitapataje usingizi?"

Siku hiyohiyo walikubaliana.

Wiki iliyofuata ikafika siku ya kliniki ya Brightson. Baba aliomba ruhusa kazini, akawapakia wote, akampitia na Sekela njiani ili awashushe wasichana shuleni. Sekela alikisoma kibao cha namba mara mbili kabla ya kupanda.

"Jovina! Si ulisema namba D?" Alikuwa tayari ameshika mbavu.

Jovina alihisi masikio yanawaka moto. "Nilidanganya," alisema. "Lilikuwa halijanunuliwa, na lilikuwa bovu. Nililiona linavuja nikanyamaza, kwa sababu nilishawaambia nyie."

Sekela aliacha kucheka. Baba, aliyekuwa anasikia yote, alizima gari mbele ya lango la shule, akageuka nyuma.

"Mwanangu, hujanyamaza peke yako," alisema. "Siku ile pale yadi, nilipokuwa nasoma kadi, niliuona mwaka lile gari lilipotengenezwa. Limelizidi hili umri kwa miaka minne. Kidole changu kilisimama hapohapo. Nikajiambia, aa, lakini ni namba D, pale ofisini watanionaje! Nikakohoa, nikapita."

"Kumbe!" Mama alisema, akamkazia macho mumewe. Hilo alikuwa bado hajaambiwa.

"Ndiyo hivyo, Mama Jovina, nisamehe. Mtoto aliona kopo, mie niliona mwaka. Tulikuwa na macho mazuri wote wawili, tukayafumba kwa kuogopa watu watasema nini. Na aliyekuwa alipie hofu yetu ni huyu hapa." Alimshika Brightson goti. "Sikilizeni, wanangu. Ukiona jambo la hatari, liseme siku hiyohiyo, hata kama litakuharibia sifa. Jovina alisema akiwa amechelewa, lakini alisema. Mie mwenye miwani, yeye ndiye aliyenifungua macho."

Jovina hakujua acheke au alie. Mama alinyoosha mkono nyuma, akamfinya shavu.

"Haya, shukeni, kengele hiyo," Baba alisema.

Wasichana walishuka. Baba akazungusha ufunguo, na gari likawaka mara moja. Brightson akakivuta kioo cha nyuma kushoto kwa mikono miwili mpaka kikashuka, akatoa kichwa nje.

"Dada! Umeona? Halijazima!"

Jovina alimpungia mkono mpaka gari la kijivu lilipoishia kwenye kona. Sekela naye alikuwa analitazama.

"Namba B haina pointi," alisema taratibu. "Ila lile, nadhani, tulipe pointi kumi."